Mpaka Mlangoni na Kurudi

Siri ile Gidamu aliipata adhuhuri, na ilipofika alasiri ilikuwa bado imemkwama kooni, haiendi chini wala haitoki.

Aliyemletea hakujua kama ameleta kitu. Alikuwa muuguzi mmoja mchangamfu aliyeingia dukani kutafuta raba nyeupe za kazini. Alipokuwa akijaribu ya kushoto akamsikia Gidamu akinong'ona Kijerumani peke yake huku akimpigia goti, akaangua kicheko.

"Kumbe na wewe unakwenda?"

"Mimi? Wapi! Kuna mtu namsaidia kujifunza. Mtihani wake ni kesho."

"Ule wa kuzungumza? Wa dukani?" Muuguzi akashika kichwa. "Basi mwambie ajiandae pande zote mbili. Mimi nimeufanya juzijuzi tu. Mnaingia wawili wawili, mnaokota kadi mezani. Mmoja mteja, mwingine muuzaji, na hakuna kubadilishana. Mwenzangu alikuwa amekariri ya mteja peke yake, akaokota ya muuzaji. Dada yangu, alikaa pale ametoa macho mpaka mwalimu akamwonea huruma. Nafasi yake akapewa mtu mwingine."

Kidole gumba cha Gidamu kilikuwa kwenye ncha ya raba, kikipima nafasi ya vidole vya mteja. Kikabaki palepale.

"Vipi, inabana?" aliuliza muuguzi, swali ambalo alitegemea kuulizwa yeye.

"Haibani," alijibu Gidamu. "Iko sawasawa kabisa."

Muuguzi akaenda zake na raba zake, na Gidamu akabaki amesimama katikati ya maboksi. Miezi yote hiyo walikuwa wakifanya mazoezi kila alasiri, yeye muuzaji, Fundi Baridi mteja. Hawakuwahi hata siku moja kubadilishana. Lingewajiaje akilini jambo hilo? Yeye ni muuzaji kweli, amekulia nyuma ya kaunta ile ile. Jina lenyewe la Gidamu, ukanda wa kiatu, alipewa utotoni, kwa kuwa alikuwa akikaa sakafuni kutwa nzima akitia kamba viatu vya baba yake. Na yule mwingine alikuja kama mteja tangu siku ya kwanza.

Siku hiyo ya kwanza! Kijana mrefu, mikono ina makovu ya waya, alisimama mbele ya kaunta amebana karatasi na jasho linamtiririka, akatamka kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka: "Guten Tag. Ich suche Schuhe." Gidamu alidhani jua limempiga. Baadaye kijana akajieleza kwamba yeye ni fundi wa majokofu, amepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea ufundi huo kwa miaka mitatu, na mwalimu wao wa lugha amewaambia waache kuzungumza na vioo, waingie kwenye maduka ya kweli. Mtaa mzima ulimtania kwamba anakwenda kwenye baridi kutengeneza baridi, ndipo jina la Fundi Baridi likamganda. Gidamu alimcheka pia. Akamcheka wiki nzima, na wiki ya pili akajikuta anaoga mara mbili kabla ya alasiri.

Sasa alikuwa anampenda mpaka anaogopa. Na kilichomfanya aogope ni maneno ya baba yake.

Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake kuu aliifanya katika kichumba cha nyuma, kushona na kubandika soli, na pazia lilikuwa halizuii kitu. Kila kilichosemwa dukani alikisikia. Maneno yale aliyasema mezani, wakiwa wamekaa kula, bila kuinua macho.

"Yule kijana wa mafriji. Akishindwa mtihani, alete wazee wake, nitawapokea kwa mikono miwili. Akifaulu, asivuke tena kizingiti changu, cha duka wala cha nyumba. Binti yangu mmoja ameshakaa dirishani kumngojea mtu wa ng'ambo. Wa pili simtoi."

Dada yake Gidamu, ambaye ndiye aliyekaa dirishani, aliendelea kutafuna polepole. Mchumba wake aliondoka akiahidi kurudi, akaandika, akapiga simu, akapunguza kuandika, akapunguza kupiga. Mwishoni habari za harusi yake zililetwa na watu baki. Tangu siku hiyo Baba hakutaka kusikia neno ng'ambo.

Gidamu alimpelekea Fundi maneno yale kama yalivyo. Fundi akasema, "Siwezi kukataa kwenda. Mama yangu na wadogo zangu wote wananitazama mimi. Na kushindwa makusudi siwezi pia, nimemwapia Mama. Lakini nikishindwa kwa haki, Gidamu, nikishindwa kwa haki kabisa, jioni hiyohiyo utaniona hapa na wazee wangu."

Kwa haki. Neno hilo ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani tangu muuguzi atoke. Kesho, kama bahati itakuwa upande wake, Fundi ataokota kadi ya muuzaji, atakaa pale ametoa macho, na atakuwa ameshindwa kwa haki tupu. Hakuna atakayekuwa amemdanganya mtu. Alichotakiwa Gidamu ni kunyamaza tu.

Fundi aliingia saa zake za kawaida, akapangusa miguu mlangoni kama desturi yake, akamtazama. Mtazamo ule ulikuwa na tabia ya kuanza machoni na kuchelewa kuondoka. Gidamu akageukia rafu.

"Tuanze?" Fundi akasema. "Leo ya mwisho."

"Usiseme ya mwisho."

"Haya, leo ya leo."

Gidamu akasimama nyuma ya kaunta, akaweka mikono juu ya kioo. "Guten Tag. Kann ich Ihnen helfen?" Habari za mchana, naweza kukusaidia?

"Ich suche Schuhe für den Winter." Natafuta viatu vya majira ya baridi.

"Welche Größe haben Sie?" Unavaa namba gani?

"Zweiundvierzig," alijibu Fundi bila kusita, ingawa namba hiyo ya arobaini na mbili iliwahi kumtoa jasho siku nyingi kabla haijamkaa. Akaonyesha kidole kwenye kiatu cheusi. "Haben Sie die auch in Braun?" Mnavyo vya kahawia pia?

"Leider nur noch in Schwarz." Kwa bahati mbaya vimebaki vyeusi tu.

Fundi akacheka. "Unaninyima kahawia kila siku. Duka gani hili lisilo na kahawia?"

"Ndiyo uzoee. Huko utanyimwa vingi." Sauti ikamkwaruza. "Endelea."

"Gibt es die eine Nummer größer?" Vipo vyenye namba kubwa zaidi? "Kann ich die anprobieren?" Naweza kuvijaribu?

"Gerne," alisema Gidamu. Bila shaka. Kisha akasema sentensi ile ambayo haikuwamo katika kitabu chochote, ile waliyoitunga wao wawili siku moja kutwa nzima na kamusi, kwa sababu yeye alikataa kuwa muuzaji wa viatu asiyeisema. Kwa Baba kiatu hakikuwahi kutoka dukani mpaka mteja ametembea nacho mpaka mlangoni na kurudi, awe mtoto wa shule au mkubwa wa ofisi. "Gehen Sie bitte bis zur Tür und zurück." Tafadhali tembea mpaka mlangoni na kurudi.

Fundi akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, kama alivyofanya kila siku. Na kama kila siku, zile hatua za kurudi ndizo Gidamu alizozipenda.

"Die nehme ich," Fundi akamalizia. Hivi nachukua. Akavuta pumzi. "Nimesahau kitu?"

"Hapana."

"Una hakika? Wewe una sikio zuri kuliko mimi. Nikikosea ndiwe unayenishtua. Niambie, kuna kitu hatujakipitia?"

Siri ikapanda mpaka kwenye ulimi. Gidamu akaiona kesho kwa namna mbili: ya kwanza, Fundi na mabegi yake anaingia kwenye gari, ya pili, wazee wake wamekaa sebuleni kwa Baba, na yeye anapita na sinia la chai, anajifanya hasikilizi. Akameza mate.

"Umekumbuka kila kitu," alisema.

"Mbona macho yako mekundu?"

"Gundi ya Baba. Leo ametumia ile kali."

Fundi akanyoosha mkono, akagusa ncha za vidole vyake juu ya kioo. Nyuma ya pazia nyundo ikanyamaza ghafla. Akaurudisha mkono.

"Niombee," alisema.

"Nikuombee nini?"

Walitazamana kwa namna ambayo kila mmoja alijua mwenzake anaomba nini, na wote wawili wakaona haya.

* * *

Gidamu alipokuwa anafunga dirisha la mbele jioni, mama mmoja akaingia kwa haraka, kanga ya kichwani imelegea. Hawakuwahi kukutana, lakini kipaji cha uso kilikuwa kilekile cha Fundi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Gidamu?" Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na uzi uliofungwa fundo huku na huku. "Nimempima mguu amelala. Nataka viatu ambavyo baridi haitapita. Asijue, nataka kesho akitoka huko avikute."

Gidamu akaupokea uzi. Hakuhitaji kuupima, lakini aliupima kwa heshima ya aliyeuleta. Akapanda ngazi ya rafu, akateremsha boksi lililokuwa juu kabisa: viatu vizito vya ngozi, vya kahawia, vyenye manyoya ndani. Kumbe vilikuwepo siku zote. Alivisukuma nyuma ya maboksi mengine siku ile Fundi alipoanza kuviulizia.

"Hivi hapa, Mama. Lakini lazima aje atembee navyo mwenyewe. Kwetu kiatu hakitoki bila kutembea."

"Basi niwekee." Mama akavipapasa ndani kwa vidole. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu alikuwa akifungua mdomo mbele ya yule mwalimu anashikwa na kigugumizi. Alikuwa anarudi nyumbani anasema Mama, mimi si wa lugha, mimi wa koleo na bisibisi. Wewe ndiye uliyemfungua ulimi. Kesho alfajiri nikiomba, namtaja yeye, halafu nakutaja wewe."

"Usinitaje mimi, Mama."

"Kwa nini nisikutaje?" Akamshika mkono. "Mimi si kipofu. Najua mnapendana. Najua na aliyoyasema baba yako. Kwa hiyo najua nakuomba nini ninapokuomba umwombee. Ungekuwa mwanangu nisingethubutu kukuomba. Lakini wale wadogo zake nyuma yake hawana mwingine."

Mama alipotoka, Gidamu aliliweka boksi chini ya kaunta, akakaa juu ya kigoda cha wateja, akalia kwa kujiziba mdomo ili pazia lisisikie.

Alikwenda nyumbani, akala kwa kujilazimisha, akalala bila usingizi. Asubuhi alimkuta Dada jikoni akipuliza chai.

"Dada, nikuulize. Yule wako. Kilichokuumiza zaidi ni nini, kuondoka kwake?"

Dada alimtazama kwa mshangao. Kwa kuwa jina la mtu yule lilikuwa halitajwi nyumbani, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kuondoka? Hapana. Kuondoka nilikukubali mwenyewe, nikamsindikiza. Kilichoniumiza ni kwamba alijua. Alijua kitambo kwamba ana mtu, na bado alikuwa akiniuliza hali yangu kwa sauti tamu. Alikaa na jambo langu mdomoni, akaniachia nijipambe." Akamwaga chai iliyobaki. "Mtu anayekupenda hafanyi hivyo."

Gidamu alikuwa ameshavaa kandambili. Alimpigia Fundi simu njiani; ilikuwa imezimwa. Akapiga tena, akapiga tena, kisha akaanza kukimbia, akipishana na watoto wa shule na mikokoteni, kandambili moja ikikatika kamba kwenye kona ya benki. Binti wa muuza viatu aliufikia mlango wa shule ya lugha mguu mmoja ukiwa mtupu.

"Wameshaingia, dada," alisema bawabu.

"Namtaka mmoja tu. Nimwambie neno moja."

"Neno moja ndilo tunalolizuia humu. Leo mtihani."

"Baba, nakuomba. Nakupigia magoti."

"Ungekuja mapema ningekuruhusu," alisema bawabu, na kwa kweli alikuwa na huruma, maana alimletea kiti. "Kaa. Majibu wanapewa papo hapo. Akitoka utamwona."

Akakaa. Hakuwahi kukaa mahali akajichukia vile. Kila mlango wa ndani ulipolia, moyo wake uliruka kwa matumaini, halafu akaona haya kwa matumaini hayo. Akaomba Fundi aokote kadi ya mteja. Akasema amina, na kabla amina haijapoa akajikuta anaomba aokote ya muuzaji. Mungu alikuwa na kazi na msichana yule asubuhi hiyo.

Fundi Baridi alitoka wa mwisho. Alikuja akiburuta miguu, uso umeshuka, karatasi inaning'inia mkononi. Alipomwona alisimama.

"Umekuja na kandambili moja."

"Fundi. Uliokota ipi?"

"Unajua habari za kadi?"

"Uliokota ipi?"

"Ya muuzaji."

Umeshindwa, aliwaza Gidamu, na furaha iliyomjaa ilikuwa kubwa na mbaya kiasi kwamba akashika ukuta.

"Nilijua," alisema kabla furaha ile haijamnyamazisha. "Nilijua tangu jana adhuhuri. Mtu aliniambia kuwa kuna kadi. Uliponiuliza kama kuna kitu hatujakipitia, nilijua, nikakwambia umekumbuka kila kitu. Nimekimbia asubuhi hii nije nikwambie, nimechelewa. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini ujue."

Fundi akasogea hatua moja.

"Ulitaka nishindwe."

"Ndiyo."

"Ulinyamaza ili nishindwe."

"Ndiyo."

Alitegemea ukali. Aliona midomo ya Fundi ikitetemeka, na macho yakijaa.

"Watu wote wananiombea niende," alisema. "Mama. Wadogo zangu. Mwalimu. Mtaa mzima. Hakuna hata mmoja aliyetaka nibaki. Wewe tu." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Sikiliza. Nilipoigeuza ile kadi nilifurahi, Gidamu. Nilifurahi, Mungu anione. Nikasema basi, yamekwisha, sijui hata neno moja la muuzaji, nimeshindwa kwa haki. Nikakaa nisubiri kushindwa. Yule mwenzangu akanisalimia. Nikaona kaunta yenu. Nikakuona wewe, umeweka mikono juu ya kioo. Nikasikia mdomo unasema: Guten Tag. Kann ich Ihnen helfen?"

"Fundi..."

"Nilijaribu kunyamaza. Kila nikijaribu, nakuona. Akaulizia namba, nikamjibu. Akaulizia rangi, nikamwambia leider nur noch in Schwarz, kwa sauti yako ile ya kuninyima. Maneno yako yote yalikuwa humu ndani, yote, na mimi siku zote nilidhani ninakutazama tu." Akacheka na kilio kikakatiza kicheko. "Nikampeleka mpaka mlangoni na kurudi. Mwalimu aliweka kalamu chini. Akasema hiyo haimo kitabuni, nimeitoa wapi. Akasema ninyi wengine mnasoma, huyu anauza."

Akamwonyesha karatasi. Gidamu hakuitazama.

"Umefaulu."

"Umenifaulisha."

Walikaa kwenye ngazi ya shule ile wakilia waziwazi, na bawabu akajishughulisha na kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Niambie nikatae," alisema Fundi. "Sema neno, nichane karatasi hii hapa hapa."

Gidamu akauona akilini ule uzi wa Mama wenye mafundo mawili. Alitaka kusema neno. Alilitaka neno lile kwa mwili mzima, mpaka meno yakamuuma kwa kuyabana.

"Mama yako ameacha kitu dukani," alisema. "Twende ukakijaribu."

* * *

Baba alikuwa nyuma ya kaunta mwenyewe, jambo la nadra. Alimtazama binti yake aliyevimba macho, mguu mmoja una vumbi, kisha akamtazama kijana aliyesimama nje ya kizingiti bila kuvuka.

"Amefaulu?"

"Amefaulu, Baba."

"Basi anakumbuka nilichosema."

"Nakumbuka, Mzee," alijibu Fundi kutoka nje. "Ndiyo maana nimesimama hapa."

Gidamu akainama, akatoa lile boksi. Sauti yake haikuwa na nguvu, lakini ilitoka. "Ana viatu vyake hapa, Baba. Mama yake amemwekea. Na kwetu kiatu hakitoki bila kutembea. Ni wewe uliyesema."

Baba alitazama boksi, akatazama kizingiti. Alikuwa ameitunza sheria ile tangu kabla binti zake hawajazaliwa, na haikuwa tabia yake kuvunja moja kwa ajili ya nyingine. Akajikuna kidevu.

"Aingie," alisema. "Avijaribu, atoke."

Fundi akaingia, akakaa kwenye kigoda. Gidamu akapiga goti mbele yake. Fundi alipoona rangi ya viatu alifungua mdomo.

"Kahawia," alinong'ona. "Vilikuwepo?"

"Vilikuwepo."

Akamvisha. Akatia kamba tundu kwa tundu, kama alivyofanya tangu utoto, ila safari hii alikwenda polepole mno, na kila fundo alilifunga akijua litafunguliwa mbali, kwenye chumba ambacho hatakiona. Akabonyeza ncha kwa kidole gumba. Machozi yakadondokea ngozi, akayafuta kwa kiganja kana kwamba ni vumbi. Kisha akainuka, akazunguka kaunta, akaweka mikono juu ya kioo.

"Gehen Sie bitte," alianza, "bis zur Tür..."

Fundi akatembea. Viatu vilikuwa vizito, vikagonga sakafu. Akafika mlangoni, akasimama uso ukiwa umeelekea barabarani, akangoja. Gidamu alifungua kinywa kumalizia, na neno lililobaki likakataa kutoka. Hakuwa na haki nalo. Baba alisema atoke, na mlango ulikuwa pale.

Mabega ya Fundi yalianza kushuka. Akainua mguu mmoja kuvuka kizingiti.

"Binti," alisema Baba.

"Naam, Baba."

Baba alikuwa amewapa mgongo, anapanga maboksi yaliyokwisha pangwa. Miezi yote ile alikuwa amekaa nyuma ya pazia, nyundo mkononi, na maneno yale ameyasikia kila alasiri.

"Hujamaliza," alisema, na sauti yake ilikuwa inakwaruza. "Kuna 'und zurück'. Mteja wangu haachwi mlangoni."

Gidamu akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Und zurück," alisema. Akalisema tena, kwa nguvu, kwa lugha yao. "Na kurudi, Fundi. Na kurudi."

Mguu ule ukashuka ndani ya kizingiti. Fundi akageuka, uso umelowa, akaanza kurudi, na viatu vipya vikalia sakafuni katika duka lile dogo ambalo siku zote lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni hadi kaunta.